UZI: Sensa ya Kirenio, kifo cha Herode na mwaka aliozaliwa Yesu. Kumbukumbu za Warumi zinasema nini hasa?

Mtafuta Chanzo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikifika Desemba, picha ya jiwe moja lililovunjika huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya makanisa yetu. Chini yake huandikwa kwamba jiwe hilo limethibitisha sensa ya Kirenio, yule liwali wa Kirumi wa Shamu (Syria) ambaye Luka 2 anasema Yesu alizaliwa wakati wa sensa yake, na wanaoipinga Biblia wamefungwa mdomo. Siku hiyohiyo, kwenye grupu jingine, utakuta mtu ameandika kwamba Luka alitunga habari nzima na wanahistoria walishaifunga kesi hiyo zamani. Mimi ni Mkristo, nafundisha katekisimu, na yote mawili yananiumiza, maana wengi wanaosambaza hawajafungua hata chanzo kimoja kati ya vile wanavyovitaja. Nafungua uzi huu tuviweke vyanzo mezani.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwamba Yesu alizaliwa Herode angali hai, naona limesimama imara kihistoria. Kwamba sensa ya Kirenio inayojulikana ilifanyika mwaka 6 BK, Herode akiwa amekwisha kufa, hilo nalo limesimama. Sijaona aliyeyapatanisha mawili haya kwa namna inayoniridhisha. Naona kusema hivyo wazi ni kuiheshimu Injili zaidi kuliko kuitetea kwa ushahidi usiokuwepo.

Nianze na Herode, kwa sababu hapo ndipo Mathayo na Luka wanapokutana. Mathayo 2:1 anasema Yesu alizaliwa Bethlehemu ya Uyahudi zamani za mfalme Herode. Luka 1:5 anaanza habari yake yote "zamani za Herode, mfalme wa Uyahudi". Ukizisoma sura hizi kwa kuzilinganisha utaona wataalamu wengi wana sababu ya kusema hakuna aliyemnakili mwenzake. Mathayo ana mamajusi, nyota na safari ya Misri. Luka ana wachungaji, hori, Simeoni na Ana hekaluni. Hata orodha za ukoo hazifanani. Katikati ya tofauti zote hizo wanakutana kwenye mambo machache: Maria bikira aliyeposwa na Yusufu wa ukoo wa Daudi, Bethlehemu mahali pa kuzaliwa, Nazareti mahali pa kukulia, na enzi ya Herode. Mashahidi wawili wasiotegemeana wakikubaliana hivyo, mwanahistoria hapuuzi.

Sasa Herode alikufa lini? Shahidi mkuu ni Flavius Josephus, Myahudi wa ukoo wa makuhani aliyeandika huko Roma mwishoni mwa karne ya kwanza. Anasema Herode alitawala miaka 37 tangu Warumi wamtangaze mfalme, na miaka 34 tangu amwondoe mpinzani wake Antigono. Alitangazwa mwaka 40 KK, Yerusalemu akaiteka 37 KK. Ukihesabu kwa desturi ya zamani, ambapo kipande cha mwaka huhesabiwa kama mwaka mzima, hesabu zote mbili zinaangukia 4 KK.

Josephus anaongeza kitu ambacho hakukitaja kwa mfalme mwingine yeyote: kupatwa kwa mwezi. Herode, akiwa mgonjwa wa kuoza, aliwachoma moto walimu wa sheria na vijana walioangusha tai wa dhahabu aliyewekwa juu ya lango la hekalu. Usiku huo mwezi ukapatwa. Kisha mfalme akafa, akazikwa, na Pasaka ikawakuta watu katika ghasia. Hesabu za falaki zinaonyesha mwezi ulipatwa kwa sehemu usiku wa kuamkia tarehe 13 Machi mwaka 4 KK, takribani mwezi mmoja kabla ya Pasaka.

Lakini ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ni wa watoto wake. Ufalme uligawanywa kwa watatu. Arkelao, anayetajwa katika Mathayo 2:22, aliondolewa na Augusto mwaka 6 BK akiwa katika mwaka wake wa kumi. Filipo alikufa mwaka wa 20 wa Tiberio, Kaisari aliyemfuata Augusto, baada ya kutawala miaka 37. Antipa, yule aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji, alipelekwa uhamishoni mwaka 39 BK, na sarafu zake za mwisho zimepigwa chapa ya "mwaka 43". Rudi nyuma kwa kila mmoja wao. Wote watatu wanakuangusha palepale, mwaka 4 KK.

Kwa hiyo, kama Mathayo na Luka wako sahihi kuhusu Herode, Yesu alizaliwa kabla ya Pasaka ya mwaka 4 KK. Na kwa kuwa Mathayo 2:16 anasema Herode aliua watoto wa miaka miwili na chini yake "kwa muda ule alioupata kwa wale mamajusi", inabidi turudi nyuma kidogo zaidi, 6 au 5 KK, pengine 7.

Kirenio anakuja kwenye bandiko linalofuata.

---

Fundi Falaki

Mkuu, uzi mzuri, ila umepita haraka kwenye mwezi. Kupatwa kwa Machi 4 KK kulikuwa kwa sehemu tu. Halafu kati yake na Pasaka kuna siku chache mno kwa mambo anayoyataja Josephus: mfalme anazidiwa, anapelekwa kwenye chemchemi za moto za Kalirhoe, anarudi Yeriko, anaamuru mwanawe Antipatro auawe, anakufa siku tano baadaye, anazikwa kwa maandamano makubwa hadi Herodio, halafu maombolezo ya siku saba. Tarehe 10 Januari mwaka 1 KK mwezi ulipatwa wote, na hapo kuna karibu miezi mitatu hadi Pasaka. Mababa wa Kanisa kama Eusebio waliweka kuzaliwa kwa Yesu karibu na 2 KK. Hili si jambo la kufuta kwa mstari mmoja.

---

Mtafuta Chanzo

Fundi, hoja yako ni ya kweli na wapo wasomi makini wanaoishikilia. Kinachonizuia kuifuata ni wale wana watatu. Herode akifa 1 KK, lazima useme Arkelao, Antipa na Filipo wote walianza kuhesabu miaka yao tangu baba yao yu hai na ameketi kwenye kiti. Watetezi wa 1 KK wanasema hivyo hasa, na kwa Filipo wanaleta nakala za Josephus zenye "mwaka wa 22 wa Tiberio" badala ya 20. Lakini Herode aliua wanawe wawili, Aleksanda na Aristobulo, mwaka 7 KK kwa kuwashuku kwamba wanakitamani kiti. Mtu wa namna hiyo hakumruhusu mwana yeyote ajihesabie miaka ya kutawala mbele ya macho yake.

Anayeona Machi ni finyu mno, kuna kupatwa kamili kwa mwezi Septemba mwaka 5 KK. Kunampa nafasi ya kutosha bila kuvunja hesabu za wana.

---

Mtafuta Chanzo

SEHEMU YA PILI: KIRENIO

Luka 2:1-2: "Siku zile amri ilitoka kwa Kaisari Augusto ya kwamba iandikwe orodha ya majina ya watu wote wa ulimwengu. Orodha hii ndiyo ya kwanza iliyoandikwa hapo Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu."

Kirenio si mtu wa kubuni. Ni Publius Sulpicius Quirinius, na tunamfahamu vizuri kuliko maliwali wengi wa Shamu. Alikuwa konsuli mwaka 12 KK. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba aliteka ngome za Wahomonada, kabila la milimani upande wa Kilikia, akapewa heshima za ushindi. Baadaye akawa mshauri wa Gaius, mjukuu wa Augusto, kijana huyo alipotumwa Armenia. Alipokufa mwaka 21 BK, Tiberio aliomba baraza la Roma limzike kwa gharama ya dola. Hakuzaliwa katika familia kubwa. Vita na utumishi ndivyo vilivyompandisha.

Shamu alipewa mwaka 6 BK. Arkelao alikuwa ameondolewa, Uyahudi ukawekwa moja kwa moja chini ya Warumi, na Kirenio akaja kuhesabu watu na mali ili kodi ya Kirumi ianze kutozwa. Pamoja naye alikuja Coponius, mkuu wa kwanza wa Kirumi wa Uyahudi. Josephus anautaja mwaka kwa namna isiyo na utata: mwaka wa 37 baada ya Augusto kumshinda Antony pale Actium, na vita vya Actium vilikuwa 31 KK. Sensa hiyo ilimfanya Yuda Mgalilaya ainuke, akisema kodi hiyo ni utumwa na kwamba Bwana ni Mungu peke yake. Luka anayafahamu haya. Katika Matendo 5:37 anamnukuu Gamalieli akimtaja Yuda Mgalilaya "siku zile za kuandikwa orodha".

Hapo ndipo fundo lilipo. Kati ya 4 KK na 6 BK ni miaka tisa, maana hakuna mwaka sifuri. Na kwa miaka ya mwisho ya Herode maliwali wa Shamu wanajulikana: Sentius Saturninus kuanzia takribani 9 KK, kisha Quinctilius Varus kuanzia takribani 6 KK. Varus ndiye aliyekuwapo Herode alipokufa, na ndiye aliyezima maasi yaliyofuata. Ni huyuhuyu aliyekuja kuangamia na vikosi vitatu katika misitu ya Ujerumani mwaka 9 BK. Nafasi ya kumwingiza Kirenio kama liwali wa Shamu katika siku za mwisho za Herode haionekani.

---

Hoja Nzito

Mkuu umezunguka sana. Sema tu Luka alikosea tumalize.

---

Mtafuta Chanzo

Hoja Nzito, inawezekana kabisa, na wasomi wengi wa leo, wakiwemo mapadre na wachungaji, ndivyo wanavyosema: Luka alijua kulikuwa na sensa maarufu, akajua Yesu alizaliwa katika kipindi kile cha misukosuko kilichofuata utawala wa Herode au kuutangulia, akaviunganisha. Siwezi kumficha mtu maoni hayo. Lakini sijafika pa kuyasema kwa uhakika wako, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, Luka mwenyewe amekwisha kuweka habari yake chini ya Herode katika 1:5. Mtu aliyejua sensa ya 6 BK ilivyowasha moto wa Yuda Mgalilaya asingeichanganya kirahisi na siku za Herode. Hapo ndipo wengine wanasoma mstari ule kwamba sensa hii ilikuwa kabla ya ile ya Kirenio. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "ya kwanza" linaweza kubeba maana ya "kabla ya", kama lilivyotumika katika Yohana 1:15. Udhaifu wake ni kwamba jinsi Luka alivyoijenga sentensi yenyewe, msomaji wa Kigiriki angeisoma kwa kawaida kama tafsiri yetu ilivyo. Inawezekana, ila ni kuivuta.

Pili, kuna jambo ambalo wanaosema "Luka alikosea" hulipita bila kuligusa. Mwaka 6 BK Nazareti haikuwa chini ya Kirenio kwa habari ya kodi. Ilikuwa Galilaya, na Galilaya ilikuwa ya Antipa. Sensa ya Uyahudi haikumgusa fundi wa Nazareti, labda awe na ardhi Bethlehemu. Lakini katika siku za Herode nchi yote, Galilaya na Uyahudi, ilikuwa ufalme mmoja. Safari ya kutoka Nazareti kwenda Bethlehemu kwa ajili ya kuandikishwa inaeleweka zaidi chini ya Herode kuliko chini ya Kirenio. Hilo halitatui fundo, ila linanifanya nisite kusema habari nzima imejengwa juu ya sensa ya 6 BK.

Tatu, Tertullian, aliyeandika Carthage mwanzoni mwa karne ya tatu, anasema sensa ya wakati wa kuzaliwa Kristo ilifanywa na Sentius Saturninus, si Kirenio. Alikuwa anaijua Injili ya Luka vizuri. Hatuna namna ya kujua jina hilo alilitoa wapi. Kwa upande mwingine Justino Mfiadini, mtu wa Samaria, karibu mwaka 155 aliwaambia watawala wa Roma waangalie kumbukumbu za sensa ya Kirenio, akamwita mkuu wao wa kwanza katika Uyahudi, jambo ambalo si sahihi kwa sababu mkuu huyo alikuwa Coponius. Mababa wenyewe hawakuwa na kauli moja.

---

Mama Kwaya

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Sasa lile jiwe ulilolitaja mwanzoni lina nini? Mchungaji alituonyesha kwenye semina, akasema linaonyesha Kirenio alikuwa liwali mara mbili.

---

Mtafuta Chanzo

Amina, mama yangu. Asante kwa kuuliza, maana ndilo lililonisukuma kufungua uzi.

Jiwe hilo lilipatikana karibu na Tivoli, nje ya Roma, mwaka 1764. Limebaki kipande cha chini tu. Linamtaja mtu mkubwa wa serikali ambaye baraza lilimpa heshima kwa ushindi wa vitani, akawa liwali wa Asia, kisha mjumbe wa Augusto "tena", Shamu. Jina lake halipo, liko kwenye sehemu iliyovunjika. Wasomi wa karne ya 19, na mkubwa wao Theodor Mommsen, waliona kwamba mtu huyo ni Kirenio na kwamba "tena" ina maana aliongoza Shamu mara mbili. Wengine wamemtaja Piso, wengine Saturninus, wengine Varus. Na wataalamu wengi wa Kilatini wanaona sentensi hiyo inasema alikuwa mjumbe wa Kaisari kwa mara ya pili, safari hii Shamu. Haisemi kwamba Shamu aliishika mara mbili. Kwa kifupi, mama, ni jiwe lisilo na jina, linalosemewa jambo ambalo pengine halilisemi. Kulisimamisha mbele ya vijana kama uthibitisho ni kuwaweka katika hatari: siku atakapokuja mwalimu wa chuo kikuu akawaeleza haya ninayokueleza, watadhani na ufufuko ulithibitishwa hivyohivyo.

Kuna jiwe la pili ambalo linastahili kujulikana zaidi, na ni ajabu linavyosahaulika. Ni la kaburi la ofisa wa Kirumi aitwaye Aemilius Secundus. Hilo lina jina la Quirinius waziwazi. Ofisa anasema kwa amri ya Quirinius aliendesha sensa ya mji wa Apamea, Shamu, wakahesabiwa raia 117,000. Halina tarehe, na wengi wanaliweka 6 BK. Linaonyesha jinsi kazi ile ilivyofanywa mji kwa mji na kwamba ilihusu Shamu pana, si Uyahudi peke yake.

Mkikutana na dai la sarafu zenye herufi ndogo mno zinazomtaja Kirenio miaka ya 11 KK, liacheni. Wataalamu wa sarafu hawakulikubali.

---

Hoja Nzito

Haya, nimekuelewa kidogo. Lakini kuna vitu vya akili ya kawaida. Dola gani inaamuru watu wote warudi mji wa babu aliyekufa miaka elfu moja iliyopita? Na Augusto hakuwahi kutoa amri ya "ulimwengu wote". Na Herode alikuwa mfalme, Warumi hawahesabu watu kwenye nchi yenye mfalme.

---

Mtafuta Chanzo

Hoja tatu nzuri, na kila moja ina uzito wake.

Amri ya ulimwengu wote: kweli, hakuna kumbukumbu ya amri moja iliyohesabu dola nzima kwa siku moja. Augusto mwenyewe, katika maandishi ya matendo yake aliyoagiza yachongwe, anataja sensa tatu, 28 KK, 8 KK na 14 BK. Ya mwaka 8 KK ilipata 4,233,000. Hao ni raia wa Kirumi tu, na Yusufu hakuwa raia. Lakini majimbo nayo yalihesabiwa kwa nyakati zake: Galia mwaka 27 KK na tena 12 KK, na Misri ilikuja kuwa na mzunguko wa miaka 14. Mtu aliyeishi chini ya Augusto angeweza kusema mtawala huyu anataka kuhesabu dunia, na asingekuwa amesema uongo.

Mfalme aliye chini ya Rumi: hapa kawaida iko upande wako. Herode alikusanya kodi zake mwenyewe, na Josephus anasimulia alivyowapunguzia watu theluthi moja mwaka mmoja na robo mwaka mwingine. Wanaotetea Luka humleta Tacitus, anayeeleza jinsi mwaka 36 BK kabila la milimani huko Kilikia, lililokuwa chini ya mfalme wa huko, lilivyoasi kwa kulazimishwa kuhesabiwa kwa namna ya Kirumi. Mfalme ndiye aliyeamuru, kwa mfano wa Rumi. Hilo linaonyesha lisilowezekana linawezekana, haliendi mbele zaidi ya hapo. Kuna jingine: kuelekea mwisho wa utawala wake Herode alimkosea Augusto kwa kuingia vitani na Wanabatea, na Kaisari akamwandikia kwamba kuanzia sasa atamtendea kama mtu wa chini, si kama rafiki. Katika miaka hiyo watu wote wakaapishwa kiapo cha utii kwa Kaisari na kwa mfalme, na Mafarisayo zaidi ya 6,000 wakakataa. Kiapo kinahitaji orodha. Wapo wanaodhani ndiyo "orodha" ya Luka. Mimi naiona ni dhana nzuri isiyo na mguu wa pili.

Kurudi mjini: hapa naomba tuliangalie jambo kwa makini, kwa sababu ndipo karatasi zenyewe zimetufikia.

Kuna karatasi ya mafunjo kutoka Misri, ya mwaka 104 BK, yenye amri ya liwali Gaius Vibius Maximus. Anasema sensa ya nyumba kwa nyumba imeanza, hivyo wote walio nje ya wilaya zao kwa sababu yoyote warudi makwao wakaandikishwe na kuendelea na kilimo. Amri inawarudisha watu wanakoishi rasmi, haiwapeleki kwa mababu. Lakini watu kusafiri kwa sababu ya sensa ni jambo lililoandikwa.

Na kuna Babatha. Mwaka 1961 Yigael Yadin na timu yake walikuta katika pango la Nahal Hever, juu ya Bahari ya Chumvi, kifurushi cha hati za mwanamke huyu Myahudi, zimefungwa vizuri. Mojawapo ni tamko lake la sensa la Desemba 127 BK, jimbo la Arabia. Alikuwa akiishi Maoza, upande wa kusini wa Bahari ya Chumvi. Alisafiri hadi Rabath, makao ya wilaya, akaorodhesha mashamba yake ya mitende, kila moja kwa mipaka yake na kodi yake, akaapa kwa Kaisari, na kwa kuwa hakuandika mwenyewe, mtu aitwaye Yudane mwana wa Elazari akamwandikia. Mwanamke, mbele ya ofisa wa Kirumi, mbali na nyumbani, kwa sababu ya ardhi. Ni miaka zaidi ya 120 baada ya Maria na ni jimbo jingine, kwa hiyo silifanyi thibitisho. Ila Yusufu akiwa na kipande cha urithi Bethlehemu, safari yake si kichekesho tena. Luka anataja ukoo wa Daudi kwa sababu ya kiimani. Ofisa alichokitaka ni shamba.

---

Bint Shariff

Assalaam alaykum. Nafuatilia kimyakimya tangu mwanzo. Sisi katika Surat Maryam tunasoma kwamba uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, akiwa amejitenga mbali. Hakuna hori wala sensa. Je, kuna athari yoyote ya kihistoria ya simulizi ya safarini?

---

Mtafuta Chanzo

Wa alaykum salaam, dada yangu. Ipo. Simulizi ya Kikristo ya karne ya pili, nje ya Agano Jipya, inamweka Maria akishikwa na uchungu njiani kabla ya kufika Bethlehemu, na kujifungua pangoni. Na kwenye barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Bethlehemu kulijengwa karne ya tano kanisa kubwa la pembe nane mahali palipoaminika kuwa Maria alipumzika. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1992 wakati barabara ikipanuliwa, na kwenye sakafu ya baadaye kuna mtende wenye matunda umechorwa kwa vijiwe. Kumbukumbu ya "njiani" ilikuwa hai Palestina kwa karne nyingi. Lakini pango la Bethlehemu lina mizizi mirefu zaidi: Justino analitaja karne ya pili, na kanisa lililojengwa juu yake kwa amri ya Konstantino liliwekwa wakfu mwaka 339.

---

Mama Kwaya

Na watoto wa Bethlehemu? Kijana wangu kaniambia Josephus hakuwataja, kwa hiyo hawakuuawa.

---

Mtafuta Chanzo

Mama, ni kweli hakuwataja, na hakuna chanzo kingine cha karne ya kwanza kinachowataja nje ya Mathayo. Kihistoria tunasimama kwa shahidi mmoja. Anayesema Mathayo ameijenga habari hiyo kwa mfano wa Farao na Musa ana hoja inayosikika.

Ila kijana asilifanye kimya cha Josephus kuwa ushahidi mkubwa. Bethlehemu kilikuwa kijiji. Watoto wa kiume wa miaka miwili na chini yake katika kijiji kama kile wangeweza kuwa kumi, ishirini. Josephus alikuwa anaandika habari za mtu aliyemuua mkewe Mariamne, wanawe watatu, na ambaye alipokuwa anakufa aliamuru wakuu wa Wayahudi wafungiwe uwanjani Yeriko wauawe siku ya kifo chake, ili nchi ilie. Amri hiyo haikutekelezwa. Katika orodha ya namna hiyo vilio vya kijiji kimoja vingeweza kupotea.

---

Mjukuu wa Katekista

Mwalimu, na nyota?

---

Mtafuta Chanzo

Nyota nitaipita haraka, maana watu wameitolea uhakika usiostahili. Mwaka 7 KK Mshtarii na Zohali zilikaribiana mara tatu katika kundi la nyota la Samaki. Wababeli walilijua, na almanaka zao za udongo za mwaka huo zipo. Johannes Kepler ndiye aliyelifanya maarufu huko Ulaya. Wachina waliandika habari ya nyota yenye mkia mwaka 5 KK iliyoonekana kwa siku zaidi ya 70. Wenye kuunga mkono 1 KK wana Mshtarii na Zuhura zilizokaribiana sana Juni 2 KK. Kila kundi lina nyota yake. Na hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kusimama juu ya nyumba moja kama Mathayo 2:9 anavyoeleza. Mimi siitumii nyota kupata mwaka.

---

Fundi Falaki

Nakubali kuhusu nyota. Ila hujajibu Luka 3. Mwaka wa 15 wa Tiberio ni 28 au 29 BK, Yesu ana miaka thelathini. Rudi nyuma, unapata 2 KK. Hiyo ni hesabu yangu, si yako.

---

Mtafuta Chanzo

Fundi, Luka 3:23 inasema "kama miaka thelathini". Mtu wa miaka 32 au 33 bado anaingia humo. Lakini nakupa haki yako: ukisoma Luka 3 peke yake, mwaka wako unakaa vizuri kuliko wangu. Ninaposimama mimi ni kwenye sarafu za Antipa.

---

Mjukuu wa Katekista

Swali langu la mwisho. Nina darasa la kipaimara. Watoto wameuliza: kama Kristo alizaliwa kabla ya Kristo, nani alikosea kalenda? Na niandike mwaka gani ubaoni?

---

Mtafuta Chanzo

Kalenda ni ya mtawa Dionysius Exiguus, aliyekuwa Roma mwaka 525 akitengeneza jedwali za Pasaka. Watu wa wakati wake walihesabu miaka tangu utawala wa Diocletian, na yeye hakutaka kuendelea kuliheshimu jina la mtesaji wa Wakristo, akahesabu tangu kuzaliwa kwa Bwana. Hakueleza alivyoupata mwaka wenyewe. Waambie pia kwamba jirani zetu Waethiopia wako nyuma yetu kwa miaka saba au minane kwa sababu wanafuata hesabu nyingine ya kale, iliyotoka Aleksandria. Watoto hulipenda hilo.

Ubaoni andika: kati ya 7 na 4 KK, Bethlehemu, siku za mfalme Herode. Tarehe 25 Desemba waeleze kwamba inaonekana kwa mara ya kwanza kwa uhakika katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, na kwamba Injili hazina tarehe.

Halafu wafungulie Luka 2:2 na Matendo 5:37 kwa pamoja, uwaambie sensa ya Kirenio tunayoijua ni ya 6 BK na Herode alikufa 4 KK. Waache waone pengo wenyewe na wakuulize. Wale wa miaka kumi na minne wanaliona haraka kuliko sisi. Wakiuliza jibu lake, wape haya ya kwenye uzi, pamoja na la Hoja Nzito, na uwaambie lipi unaloliona wewe na kwa nini.